Je, wajua kwa nini mtoto wa mbweha mkali hubaki mkali hata akilelewa na mama mpole?

Chukua mtoto wa mbweha mkali, umpe mama mpole amnyonyeshe. Utadhani ataiga upole wa mlezi wake. La hasha! Akikua atamtolea mtu meno kama wazazi wake waliomzaa.

Hayo yameonekana Novosibirsk, Siberia, nchini Urusi, ambako wanasayansi Dmitry Belyaev na Lyudmila Trut walianza kazi yao mwaka 1959. Walichukua mbweha wa rangi ya fedha waliofugwa kwa ajili ya manyoya, na katika kila kizazi wakawaruhusu kuzaana wale tu waliomvumilia binadamu zaidi ya wenzao. Rangi na umbo havikuzingatiwa hata kidogo. Kufikia kizazi cha nne, baadhi yao walikuwa wakitikisa mkia mtu akisogea. Baadaye ukaanzishwa ukoo wa pili, wa wakali, kwa kuchagua vivyo hivyo.

Basi ni nini kilichobadilika? Wengi tunawaza kwamba iko jeni moja ya upole, yaani agizo moja la urithi litokalo kwa wazazi, mwenye nayo ametulia na asiye nayo anauma. Sivyo. Jeni za wapole na za wakali karibu zote ni zilezile. Tofauti kubwa ni nguvu zinazofanyia kazi. Fikiria taa ya chemli: taa ni moja, lakini ukipandisha utambi mwanga unakuwa mkali, ukiushusha unafifia. Jeni nayo ikitumika sana ndani ya seli, protini yake huwa nyingi. Ikitumika kidogo, hupungua.

Mwaka 2018 watafiti walilinganisha ubongo wa mbweha wapole 12 na wakali 12. Katika sehemu ya mbele kabisa, inayosaidia kuzuia pupa na hasira, jeni 146 zilitofautiana kwa kiwango cha utendaji. Katika sehemu nyingine, chini yake, zilikuwa 33. Kwa hiyo upole ni kazi ya jeni nyingi, kila moja ikichangia kidogo.

Mabadiliko hayo yalionekana hata kwenye damu. Baada ya vizazi 12 vya kuchagua wapole, homoni za msongo, zile zinazomwagwa na tezi zilizo juu ya figo mnyama anaposhtuka, zilikuwa zimeshuka hadi kupita kidogo tu nusu ya zile za mbweha wa kawaida.

Kwangu mimi, utamu wa habari hii uko kwenye umri. Mtoto wa mbweha wa kawaida huanza kuogopa vitu vigeni akiwa na wiki kama 6 hivi. Kwa wapole, woga huo huchelewa hadi wiki ya 9 au zaidi, na homoni zile pia huchelewa kupanda. Malezi, kumbe, yana nafasi yake, ila jeni ndizo zinazoamua nafasi hiyo idumu kwa muda gani. Katika wiki hizo za ziada mtoto anamnusa mtu, anacheza miguuni pake na kuizoea sauti yake, kabla woga haujamwingia.