Daktari Mwenye Daftari Si Mtoro wa Wodi

Tangu tulipoanza kuwahimiza madaktari vijana wafanye utafiti, malalamiko yanatufikia kutoka pande mbili. Jamaa za wagonjwa wanasema watu wao wanafanyiwa majaribio. Wakuu wa wodi wanasema vijana wanakimbia zamu. La kwanza nalielewa. La pili, kusema kweli, limenichosha.

Kwanza utaratibu. Daktari huandika pendekezo, mlezi wake wa utafiti akalisoma, mkuu wa kitengo akatia saini, ndipo liende kwenye kamati ya maadili ya Taasisi ya Utafiti wa Afya Zanzibar. Kibali hakirudi nyuma: taarifa iliyokusanywa kabla ya kibali haihesabiki, hata ikiwa ni ya mafaili matatu, hata mgonjwa akiwa shangazi yako na kakubali kwa moyo mkunjufu. Fomu ya ridhaa ikikosa saini au dole gumba, mgonjwa huyo anaondolewa kwenye hesabu. Ukibadilisha swali moja la dodoso, unarudi kamatini. Na mgonjwa akikataa, au akikubali kisha akajitoa, matibabu yake yanabaki vilevile.

Pemba inajua faida ya kuuliza. Watoto wadogo kupewa madini ya chuma kila siku lilionekana jambo la kheri tupu. Utafiti uliofanywa huko ukaonesha kwamba, penye malaria nyingi, waliopewa walilazwa na kufariki zaidi. Dozi hizo zikasitishwa mwaka 2003, matokeo yakachapishwa 2006, na Shirika la Afya Duniani likaubadili ushauri wake.

Juzi alfajiri nilimkuta daktari kijana wodi ya watoto. Katoka zamu ya usiku, kakaa kwenye benchi la korido, faili gotini, ananakili viwango vya damu. Chai yake imeshapoa. Nakala ya kibali kaibandika ndani ya jalada la daftari. Anataka kujua kwa nini watoto wengine wanaletwa homa ikiwa imeshatimiza siku tatu. Utafiti huo anaufanya kwa saa zake za kulala. Huyo ndiye anayeitwa mtoro!

Wakuu wa wodi, mpeni daktari kijana siku moja ya utafiti kwa wiki, na iandikwe kwenye ratiba ya zamu, isiwe ahadi ya mdomo inayofutwa mwenzake akiumwa. Walezi, someni rasimu zao ndani ya wiki mbili, na msijitangulize kwenye orodha ya waandishi wa kazi msiyoifanya. Ratiba za mwezi ujao zinapangwa wiki hii.