Eti wenye usonji hawajui kucheka?

Hii nimeisikia mara nyingi, kwamba mtu mwenye usonji (autism, yaani ubongo wake unafanya kazi kwa namna tofauti) hana utani, yuko siriasi muda wote kama polisi wa trafiki. Si kweli jamani. Imani yenyewe ni ya zamani, hata Hans Asperger, yule daktari wa Vienna, aliandika mwaka 1944 kwamba watoto wenye usonji aliokuwa anawaangalia hawakuwa na ucheshi wa kweli, na watu wakaimeza hivyohivyo.

Sasa kinachotokea ni hivi, wengi wao wanachukua maneno yalivyo, ukimwambia mtu "nimekufa njaa" anaweza kukuangalia tu, wewe unasema hajaelewa kumbe kakuelewa ila utani wenyewe kauona wa kawaida sana. Au anaelewa sekunde chache baadaye ninyi mmeshahamia stori nyingine. Halafu wengi wanapenda sana kuchezea maneno, na Kiswahili hapo ni shamba, piga simu, piga pasi, piga mswaki, yaani kila kitu kinapigwa na hakuna anayelia! Anakuambia hivyo uso mkavu kabisa, hacheki, basi watu wanadhani analalamika.

Na wapo wanaokula kwa kazi ya kuchekesha. Hannah Gadsby wa Australia ana usonji na alipata tuzo ya Emmy, ile ya televisheni ya Marekani, mwaka 2019 kwa kuandika shoo yake ya vichekesho, Fern Brady wa Scotland naye ana usonji na anapanda jukwaani na kuvunja watu mbavu.