Je, wajua kwa nini mkata miti hujifunga mara mbili kabla ya kuwasha msumeno?

Pita Kileleshwa au Lavington mwezi wa Machi, mvua ndefu zikikaribia, na utasikia msumeno wa mnyororo ukinguruma juu ya mjakaranda. Inua macho. Mtu amening'inia, kamba yake imepanda hadi kwenye panda la juu kabisa, na kiunoni ana kamba nyingine fupi iliyozunguka shina. Wapita njia hudhani hiyo fupi ni ya akiba, endapo ile ndefu italemewa. Sivyo. Kamba nzuri hailemewi na mtu. Ile fupi ipo kwa sababu ya kitu alichoshika mkononi.

Kamba ya kazi hii huwa na unene wa milimita 11 hadi 13. Iliyopita kipimo cha Ulaya cha EN 1891 aina A lazima ihimili angalau kilonyutoni 22, yaani uzito wa takriban kilo 2,200. Hata fundo likiipunguzia theluthi ya nguvu, inayobaki inatosha kuning'iniza Probox. Lakini kamba hiyo hiyo, ikiwa imekazwa na uzito wa mtu, ikiguswa na mnyororo unaokimbia zaidi ya mita 20 kwa sekunde, inaachia kabla akili haijakiambia kidole kiache. Mkata miti ndiye fundi anayepanda na chombo cha kukatia kile kinachomshikilia. Karibu kila kifaa chake kimeumbwa na jambo hilo.

Kwa hiyo, kabla injini haijawashwa, pawe na vishikizo viwili visivyotegemeana: pete tofauti mwilini, na mahali tofauti mtini. Kosa la kawaida ni kuzungusha kamba fupi juu ya kisiki cha tawi lile lile linalokatwa, kisha tawi likienda, linakwenda na kishikizo. Kosa baya zaidi hutokea wakati wa kukata kilele. Shina lililoinama likikatwa vibaya hupasuka kwa wima, na ule mpasuko ukifunguka ndani ya kamba iliyolizunguka, humbana mtu dhidi ya mti. Shina lenye ufa au linalolalia upande mmoja lisikatwe kwa pigo moja.

Kamba fupi nyingi zina waya wa chuma ndani. Waya huo huushinda msumeno wa mkono, ila ule wa mnyororo huuchelewesha tu. Pia hupitisha umeme, jambo zito katika mitaa ambamo nyaya zimepenya katikati ya matawi. Hakuna kifaa chochote katika makala haya kinachokinga umeme, na kamba iliyolowa au tawi bichi havikingi pia. Waya wa umeme ukiwa karibu, Kenya Power wazime kwanza, ndipo mtu apande.

Sasa kamba yenyewe, maana hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Duka lolote la vifaa vya ujenzi River Road litakuuzia manila, ile kamba ya plastiki ya buluu au kijani. Jina ni la urithi tu: manila halisi ilisokotwa kwa nyuzi za jamii ya mgomba kutoka Ufilipino, na hii ya sasa ni polipropilini. Kufungia mzigo kwenye pikipiki, haina neno. Mtini ina kasoro mbili. Huyeyuka karibu na nyuzi 165 za Selsiasi, na fundo linaloteleza kwa kasi huzalisha joto jingi mahali padogo. Poliesta husubiri hadi takriban nyuzi 250. Halafu jua huila. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, hatua chache kusini mwa ikweta, na manila iliyoachwa nje muda mrefu hutoa unga ukiisugua kwa vidole. Hiyo imekwisha, hata kama rangi bado inapendeza.

Wengine huruka upande wa pili na kununua kamba ya kupanda majabali, kama zinazotumika Hell's Gate. Ni imara, ila imetengenezwa ivutike. Kipimo chake kinairuhusu kurefuka hadi asilimia 10 ikibeba kilo 80 tu, na hadi asilimia 40 mtu akianguka. Ukiwa na mita 20 za kamba juu yako, unaweza kuvuta karibu mita 2 kabla miguu haijaacha ardhi, kisha ukifika juu unayumba kama mpira huku msumeno ukiwaka. Kamba ya miti haipaswi kurefuka zaidi ya asilimia 5 mzigo unapotoka kilo 50 hadi 150. Bei ya uthabiti huo ni kwamba haimezi kishindo. Mtu akipanda juu ya kishikizo chake, kamba ikalegea mita 2, kisha akateleza, kamba itabaki nzima na kiuno ndicho kitakacholipa. Kishikizo kikae juu ya kichwa, na kamba isilegee.

Kufikisha kamba huko juu hakuhitaji ngazi. Hurushwa kifuko chenye uzito wa gramu 300 hadi 450 kilichofungwa uzi wa milimita 2, na uzi huo ndio huvuta kamba kupitia kwenye panda. Chagua panda lililo hai, karibu na shina, lenye unene wa sentimita 10 au zaidi. Kwenye mgrevilea, mkaratusi na Nandi flame usishawishike na tawi la pembeni, hata likionekana nene. Miti hiyo huvunjika ghafla. Kabla ya kurusha, zunguka mti: uyoga kwenye mizizi, tundu chini ya shina, gome linalobanduka. Baada ya kurusha, watu wawili waining'inie kamba kwa pamoja wakiwa bado chini.

Hapa kuna hesabu inayowaponyoka hata waliozoea. Kamba ikipita juu ya panda na ncha zote mbili zikirudi kwa mpandaji, kila upande hubeba karibu nusu ya uzito wake, hivyo panda linabeba kilo 80 kwa mtu wa kilo 80. Ncha moja ikifungwa chini ya shina, na yeye akapanda kwa upande mwingine, upande uliofungwa hulazimika kuvuta sawa na uzito wake. Panda sasa linabeba karibu kilo 160, kabla hata hajaanza kutikisika. Mtu yule yule, tawi lile lile, mzigo mara mbili. Mtindo wa pili ni mzuri na hauchoshi haraka, mradi msaidizi aliye chini asije akaikata kamba iliyofungwa hapo akisafisha matawi yaliyoanguka.

Kinachomzuia kushuka ni fundo la msuguano. Lijulikanalo zaidi ni la Karl Prusik, mpanda milima wa Austria aliyelitangaza mwaka 1931: kamba ndogo huizunguka ile kubwa, ikilemewa hubana, ikipumzishwa husogea. Lazima iwe nyembamba kuliko kamba kuu, kwa mfano milimita 8 juu ya 11 au 10 juu ya 13, la sivyo haibani. Ukishuka kwa kasi, uso wa fundo hung'aa kama uliopakwa gundi. Huo ni uzi ulioyeyuka. Kamba ndogo ya aina hiyo hutupwa.

Hanesi ya mjengo, yaani mikanda ya kuvaa mwilini, yenye pete mgongoni si ya kazi hii. Imekusudiwa kumdaka anayeanguka, si kumkalisha saa nzima. Ukining'inia kwa mgongo mikono haiufikii mti na mapaja hubanwa hadi damu ishindwe kurudi juu. Ya miti ina kitanzi cha mbele, mikanda mipana ya mapaja, na pete mbili za pembeni kwa ajili ya kamba fupi. Karabina, zile pete za chuma zenye mlango, nazo ziwe za kujifunga zenyewe na kufunguliwa kwa miondoko mitatu, kwa sababu ile ya skurubu hufunguka taratibu ikitikiswa na kusuguliwa na vijiti. Na zikae wima: karabina ya kilonyutoni 22 ikilemewa kwa ubavu hubaki na kama theluthi tu.

Kofia ngumu ya mjengo huanguka mtu akiinama. Ile yenye mkanda wa kidevu ni bora, lakini kuna aina mbili. Mkanda wa kipimo cha EN 397 hukusudiwa kuachia kwa nguvu ya nyutoni 150 hadi 250 ili mtu asinyongwe akinaswa. Wa EN 12492, wa wapanda milima, hushikilia hadi 500 ili kofia isitoke akipigwa shina. Aliye mtini anahitaji wa pili.

Spaiki za miguuni, zile za chuma, zivaliwe tu kwa mti unaoondolewa. Kila hatua hutoboa gome na tabaka hai lililo chini yake, na mti hauponi kama ngozi. Huzingira tu jeraha, na kuvu hutangulia. Kwa miti jamii ya mnazi tundu hubaki maisha yote, kwani haina tabaka la kulifunika. Kwenye mkaratusi unaobambuka magome, spaiki hukamata gome lililoachana na mti, na mguu huteleza nalo.

Kamba ya mtumba usiinunue kwa bei yoyote. Karabina iliyotumika unaweza kuikagua kwa macho na kuisikiliza ikijifunga, lakini kamba haisemi kama ilimwagikiwa asidi ya betri ndani ya buti la gari. Iliyo yako, ipitishe yote kati ya vidole kabla ya kila kupanda, ukitafuta sehemu laini, bapa au ngumu isivyo kawaida. Uingereza, vifaa vya kuinulia watu hukaguliwa na mtaalamu kila miezi 6. Andika tarehe ya kununua kwenye ncha ya kamba.

Mwisho, ukipanga bajeti, hesabu seti mbili. Aliyezimia juu ya mti akiwa ndani ya hanesi hawezi kuachwa akisubiri magari yapungue Waiyaki Way. Aliye chini lazima ajue kupanda na awe na vifaa vya kupandia. Seti hiyo hukaa imefunguliwa chini ya mti, na uzi wake umesharushwa kwenye panda, si kwenye buti la gari.