Spea halisi ya gari la kale ni ipi hasa?

Fungua boneti ya Peugeot 404 au Land Rover ya miaka ya 1960 popote Ngamiani, mjini Tanga, na kabla hujashika spana utaulizwa: "Fundi, hizi spea zake zenyewe?" Anayeuliza huenda anataka kujua kama kifaa kilitoka na gari kiwandani. Huenda anaulizia kifaa kipya chenye nembo ya kampuni iliyounda gari. Na wengi wanataka tu kuhakikishiwa kwamba si feki. Hayo ni maswali matatu, na mwenye gari asiyeyatenganisha huishia kutupa kitu cha thamani akabakiza kitu cha hatari.

Kwa maana kali kabisa, spea halisi ni kile kifaa kilichofungwa gari likiwa kiwandani na ambacho bado kimo. Hakinunuliki. Ukikitoa na kukitupa, hakuna duka la Kariakoo wala la Dubai litakalokurudishia, hata ukipata kinachofanana nacho namba kwa namba. Kinatambulika kwa alama zake. Namba zilizogongwa kwenye chesisi na kwenye injini zinapaswa kulingana na zilizoandikwa kwenye kadi ya gari. Vyuma vya kusubu, yaani vilivyoyeyushwa na kumiminwa, mara nyingi huwa na nembo na namba zilizotoka kwenye kalibu. Hata nati hutoa ushahidi: Peugeot ni gari la milimita, Land Rover za zamani zimejaa nati za inchi, na fundi mzoefu akikuta bolti ya milimita kwenye Land Rover ya namna hiyo anajua mkono mwingine umepita.

Baada ya hiyo inakuja spea mpya ya zamani, yaani kifaa kilichotengenezwa enzi hizo hizo, kikakaa stoo, kisifungwe popote. Karibu yake ni spea ya mtengenezaji wa mwanzo, na hapa pana jambo ambalo wanunuzi wengi hulikosa. Kiwanda cha magari hakitengenezi kila kitu. Dainamo na taa za Land Rover zilitoka kwa Lucas, breki zake kwa Girling. Kabureta ya Peugeot ni Solex, umeme wa Volkswagen ni Bosch. Kwa hiyo ukiona kifaa kwenye boksi la Lucas, bila jina la Land Rover popote, usikiite cha bandia. Huenda ni ndugu wa kile ulichokitoa, na boksi lenye nembo ya gari lingekuongezea bei tu.

Kisha kuna spea ya kuiga, iliyotengenezwa na kampuni nyingine kwa kufuata sampuli. Nyingine ni nzuri sana, nyingine ni balaa. Kuna ya mtumba, iliyong'olewa kwenye gari lililokufa. Na kuna ya kuchongesha, ambayo nitairudia.

Tuanze na chesisi, maana ndiyo mzozo mkubwa kwa magari ya mwambao. Land Rover ya kwanza ilitoka 1948, wakati chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita, hivyo bodi yake ikaundwa kwa mchanganyiko wa alumini. Chesisi ikabaki chuma. Hewa ya Tanga ina chumvi na unyevu, na pale alumini inapogusana na chuma katika hali hiyo, metali hizo mbili hufanya kazi kama betri ndogo na alumini ndiyo huliwa. Utaona unga mweupe kwenye maungio. Chesisi nayo huoza kutoka ndani, mahali ambapo jicho halifiki, huku nje rangi ikimetameta. Gonga kwa nyundo ndogo kuanzia nyuma kuja mbele, usikilize. Palipooza hupasikii mlio wa chuma kizima.

Hapo mwenye gari ana njia mbili. Anaweza kukata palipooza na kuchomea bati jipya la unene ule ule, kazi ya taratibu inayotaka fundi bodi mvumilivu. Au anaweza kuagiza chesisi mpya nzima iliyochovywa kwenye zinki. Wapo watengenezaji Uingereza wanaoziunda kwa vipimo vya zamani. Hiyo ya pili haitaoza haraka, lakini gari limepoteza uti wake. Uingereza yenyewe kwa miaka mingi ililipima jambo hili kwa alama pale gari lilipofanyiwa mabadiliko makubwa: chesisi ilipewa alama 5, springi na shokapu zake, ekseli, gia boksi na usukani alama 2 kila kimoja, injini alama 1 tu. Gari lilihitaji angalau alama 8 kuendelea kutambuliwa kwa usajili wake. Wengi hushangaa injini kupewa alama moja. Mimi naona ni sawa. Injini ilitegemewa tangu mwanzo kuja kubadilishwa, na magari mengi ya mashamba ya mkonge yalibadilishiwa bila mtu kusikitika. Chesisi ndiyo iliyobeba kila safari.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: chuma kinachobeba utambulisho wa gari kitengenezwe, kisibadilishwe, mpaka pale ambapo hakuna tena cha kuchomea. Hivyo hivyo dashibodi, saa ya mwendo, vitasa, usukani, vioo vyenye nembo. Mkwaruzo kwenye usukani uliosababishwa na pete ya dereva wa miaka hamsini iliyopita hauondolewi kwa kununua usukani mpya.

Fikra hii ina maandishi. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lililoanzishwa 1966, lilipitisha Hati ya Turin mwaka 2012, kwa kufuata mfano wa Hati ya Venice ya 1964 iliyohusu majengo ya kale. Mkazo wake ni kuhifadhi kwanza, na kubadilisha pale tu inapolazimu. Kwetu hili si geni. Aliyeona nyumba ya kale ya mawe na chokaa ikipigwa plasta ya saruji, kisha ukuta ukaanza kumomonyoka kwa unyevu ulionaswa ndani, anajua kitu kipya chenye nguvu zaidi kinaweza kukiua cha zamani.

Kuna mahali, hata hivyo, ambapo kung'ang'ania uhalisi ni kucheza na roho za watu. Breki ni mahali hapo. Raba za masta silinda na za magurudumu, paipu za mpira, matairi: vitu hivi huzeeka hata vikiwa havijatumika. Raba iliyotengenezwa 1970 na kukaa kwenye boksi lake safi ni raba ya zaidi ya miaka hamsini. Itafungwa vizuri, itapendeza, na siku ya kuteremka milima ya Lushoto itapasuka. Spea mpya ya zamani ni hazina ikiwa ni ya chuma au kioo. Ikiwa ni ya mpira, iweke kabatini kama kumbukumbu. Kwa matairi angalia tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT ubavuni: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Namba yenye tarakimu tatu mwishoni ni ya kabla ya 2000, na tairi hilo halifai kuingia barabarani hata kama halijawahi kugusa lami.

Viatu vya breki na sahani za klachi za enzi hizo nyingi zilikuwa na asbesto, ambayo vumbi lake huleta saratani ya mapafu. Fundi asipulize ngoma ya breki ya zamani kwa upepo wa kompresa. Ailoweshe, aifute, na kifungwe kifaa kipya kisicho na asbesto. Hapa "cha kiwandani" hakina sifa yoyote ya kutetea.

Petroli nayo imebadilika chini ya magari haya. Zamani ilikuwa na risasi, ambayo iliacha utando uliolinda siti za valvu za moshi, yaani mahali valvu hizo zinapokalia zikifunga. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana nayo mwanzoni mwa 2006. Injini za zamani zilizochongwa siti zake moja kwa moja kwenye kichwa cha chuma cha kusubu zinaweza kulika taratibu, hasa zikikimbizwa kwa muda mrefu. Kupachika siti ngumu ni mabadiliko, lakini ni mabadiliko yanayookoa kichwa halisi. Oili ni vivyo hivyo. Difu ya Peugeot 404 ina gurudumu la shaba nyeusi linalozungushwa na skrubu ya chuma, na baadhi ya oili nzito za kisasa zina kemikali za salfa zinazoshambulia metali hiyo. Ukimwaga oili yoyote iliyo karibu, utaua kifaa ambacho leo ni kigumu kupatikana.

Sasa kuchongesha. Wapo wanaoona bushi iliyokerezwa Tanga ni aibu kwenye gari la kale. Nalikataa hilo kwa moyo wote. Silinda ya breki ya Girling iliyoliwa na kutu inaweza kutanuliwa tundu, ikavishwa ndani silivu, yaani bomba jembamba, ya chuma kisichoshika kutu, ikawekwa raba mpya: umbo ni lile lile la kiwandani, kinachofanya kazi ndani ni kipya. Sioni ndoa nzuri zaidi ya hiyo kati ya cha kale na kipya. Viti vya Volkswagen za zamani vilijazwa nyuzi za makumbi ya nazi zilizoshikanishwa kwa mpira. Fundi wa makochi anayejua kushindilia makumbi yuko karibu na uhalisi kuliko duka la ng'ambo linalouza sponji.

Na gari lenyewe lina maisha yake ya hapa. Peugeot 404 ilishinda Safari Rally ya Afrika Mashariki mara nne, 1963, 1966, 1967 na 1968, na mara mbili za katikati usukani ulikuwa kwa Bert Shankland, mkazi wa Tanzania. Baadhi ya wenye magari haya waliongeza ngao chini ya injini na springi ngumu. Ukikuta ngao ya karakana ya shamba la mkonge, iliyochomewa enzi hizo, usiing'oe ili gari lifanane na picha ya katalogi ya Paris. Ngao hiyo haikutoka kiwandani, lakini ni ya gari hilo kweli.

Kila kinachotolewa kifungwe kikaratasi: kimetoka wapi, lini, kwa nini, na kilichoingia badala yake ni cha aina gani kati ya hizo nilizotaja. Kifaa kipya kitiwe alama ndogo mahali pasipoonekana, na cha zamani kihifadhiwe hata kama kimekufa, kwa sababu mchongaji wa kesho atahitaji sampuli. Ukienda kununua gari la kale na mwuzaji akakuapia kwamba kila kitu ni orijino, mwombe kwa adabu akuonyeshe boksi la vitu vilivyotolewa.