Jipu la jino: kwa nini vidonge peke yake haviliponyi

Haya ni maswali yanayosikika sana kwenye mabenchi ya kliniki za meno, iwe Tanga mjini, Muheza au Pangani.

Shavu limefura, jino linapwita usiku kucha. Ndani kuna nini?

Usaha. Mara nyingi jino lilitoboka zamani, bakteria wakapenya hadi sehemu laini ya kati yenye mishipa ya damu na ya fahamu. Sehemu hiyo ikifa, wanafika kwenye ncha ya mzizi na usaha unajikusanya ndani ya mfupa. Mfupa hautanuki, ndiyo maana maumivu ni makali, na ukiuma unahisi jino hilo limerefuka kuliko wenzake. Lipo pia jipu linaloanzia kwenye ufizi, kando ya jino zima kabisa, hasa kwa mtu mwenye ugaga mwingi na fizi zilizoachia.

Nilinunua amoksilini duka la dawa, maumivu yakaisha. Si nimepona?

Hapana. Dawa husafiri na damu, na ndani ya jino lililokufa damu haifiki. Vidonge vinapunguza bakteria waliosambaa kwenye nyama za jirani, uvimbe unanywea, chanzo kinabaki palepale. Baada ya wiki au miezi shavu linafura tena.

Wakati mwingine maumivu hukatika kwa sababu jipu limejipasua lenyewe: mdomo unajaa kitu cha chumvichumvi kinachonuka, kisha unapata nafuu ya ghafla. Kinabaki kipele kwenye ufizi, ukikibonyeza kinatoa usaha. Kisikudanganye, ndiyo njia ya kutokea uchafu ambao bado unatengenezwa.

Antibiotiki ina nafasi yake pale penye homa, uvimbe unaosambaa au kinga dhaifu ya mwili. Kwa mtu mzima daktari huandika mara nyingi amoksilini miligramu 500 kila baada ya saa 8, pengine pamoja na metronidazo. Kama penisilini, ambayo ni jamii moja na amoksilini, iliwahi kukutoa vipele au kukubana kifua, sema kabla hujaandikiwa.

Ni kweli jino haling'olewi likiwa limevimba?

Imani hii imewachelewesha wengi. Mara nyingi linang'olewa, na kulitoa ndiko kunakofungua njia ya usaha. Tatizo ni ganzi: penye usaha pana tindikali, na tindikali huidhoofisha. Kwa jino la chini, daktari huchoma sindano nyuma kabisa ya taya, mbali na uvimbe, na kusubiri dakika kadhaa kabla ya kugusa kitu.

Kwanza hugonga jino mojamoja kwa mpini wa kioo chake kutafuta lenye maumivu, kisha hupiga picha ya eksirei. Jino lenye nguvu bado huweza kuokolewa: hutobolewa juu, mizizi ikasafishwa na kuzibwa, kazi ya ziara moja au zaidi. Lililobaki kigae hung'olewa. Uvimbe uliolainika huchanwa kidogo usaha utoke.

Nifanye nini nyumbani nikisubiri?

Sukutua kwa nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu, mara kadhaa kwa siku. Parasetamoli kwa mtu mzima: vidonge viwili vya miligramu 500 kila saa 6, visizidi vinane kwa saa 24. Ibuprofeni miligramu 400 baada ya kula, kila saa 8, husaidia zaidi, ila si kwa mjamzito, mwenye vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo. Usikande shavu kwa kitambaa cha moto, wala usitoboe kwa sindano. Aspirini iliyobanwa kwenye ufizi huunguza nyama, jino likabaki linauma vilevile.

Hatari iko wapi?

Uvimbe ukishuka chini ya kidevu au shingoni, mdomo ukakataa kufunguka, mate yakashindwa kumezeka, sauti ikabadilika au jicho likafumba, usisubiri asubuhi. Nenda hospitali ya Bombo, Tanga mjini, au hospitali kubwa iliyo karibu, maana njia ya hewa inaweza kuziba. Mwenye kisukari awahi zaidi, kwani usaha humpandishia sukari na sukari humzidishia usaha.

Nimeshang'oa. Je, nisukutue?

Si siku ya kwanza. Ng'ata pamba ya gozi kwa nusu saa. Usiteme kwa nguvu, usivute sigara. Donge la damu likitoka shimoni, mfupa hubaki wazi na maumivu hurudi baada ya siku mbili au tatu, makali kuliko ya mwanzo. Hapo rudi kwa daktari akaoshe shimo na kuliwekea dawa.