Maji Yakipungua Tangini, Usijazie ya Bahari

Wengi wanaofuga matumbawe nyumbani hapa Malindi huamini kwamba, kwa kuwa bahari iko mlangoni, maji yakipungua katika tangi la kioo yatosha kuchota ndoo moja pwani na kujazia. Sivyo. Kinachopaa kwa joto ni maji matupu, na chumvi yote hubaki. Ukoko mweupe unaoganda ukingoni mwa kioo ni ushahidi wake. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa kila lita, kwa hiyo kila ndoo unayojazia huongeza chumvi juu ya ile iliyokwisha kubaki, hata matumbawe yakajikunja na kufa, jambo linalosikitisha mno kwa kiumbe kinachokua polepole kiasi hicho. Jazia maji matamu yaliyochujwa vizuri, yasiyo na klorini. Piga alama ya wino kwenye kioo, ujazie kidogo kidogo kila asubuhi. Au funga boya kama lile la tangi la choo, liunganishwe na ndoo ya maji hayo, nalo litakupunguzia kazi. Maji ya bahari yana nafasi yake siku ya kubadilisha sehemu ya maji, ila yasichotwe wakati mto Sabaki umefurika na kumwaga tope baharini.