Jamani, Bolsover haikuhama usiku mmoja

Juzi tena kwenye semina, hapahapa Dodoma: "Mwalimu, kwenye uchaguzi wa 2019 wafanyakazi wa Uingereza waliusaliti mrengo wa kushoto." Hii ni mara ya nne au ya tano muhula huu, hasira zimenipotezea hesabu.

Haya. Bolsover, jimbo la uchaguzi la wachimba makaa ya mawe huko Uingereza, lilikuwa mikononi mwa Labour, chama cha mrengo wa kushoto, tangu lilipoundwa mwaka 1950. Dennis Skinner, aliyewahi kuchimba mwenyewe, alilishika kama mbunge kuanzia 1970. Mwaka 2019 likaenda Conservative, chama cha mrengo wa kulia. Hapo hatubishani.

Ila tazama waliojitokeza kupiga kura nchi nzima: 1992, asilimia 77.7. Mwaka 2001, Tony Blair wa Labour akishinda kwa kishindo, 59.4, na ngome za Labour ndizo zilizopoa zaidi. Watu walishaanza kubaki nyumbani zamani, Brexit, yaani Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya, haijasikika. Sasa aliyebaki nyumbani kamsaliti nani? Na 2024 Labour walipolichukua tena jimbo, msiniambie "wamerudi": kura za kulia ziligawanyika kati ya Conservative na Reform, chama kingine cha kulia.

Kinachoniudhi hasa ni neno lenyewe, "mfanyakazi". Mei Mosi ikifanyika Uwanja wa Jamhuri, wanaopita na mabango ni walimu, wauguzi, makarani. Dereva bodaboda anayewasubiri getini hana bango wala mkataba. Ana hesabu ya kumpelekea mwenye pikipiki jioni. Mfanyakazi ni yupi? Kule Uingereza, mstaafu wa mgodi mwenye nyumba yake na pensheni tunamwita tabaka la wafanyakazi. Binti mwenye shahada, anayeuza kahawa London na nusu ya mshahara inaishia kwenye kodi ya chumba, tunamwita msomi wa mjini. Halafu tunashangaa kwamba Labour "imetekwa na wasomi"! Wengine kati ya wasomi hao ni wavuja jasho kuliko sisi tunaowaandika.

Nami si msafi. Jedwali langu la darasani linapima tabaka kwa elimu, kwa sababu takwimu zake zinapatikana kirahisi. Ni uvivu. Nikipima kwa kazi napata picha nyingine, nikipima kwa umiliki wa nyumba napata ya tatu, na kila mwaka nabadili mawazo ipi niiamini.

Insha ni Ijumaa. Atakayeandika "kusaliti" nakata maksi tano.